Amemaliza zoezi kabla ya wenzake: umpe fumbo, bao, shairi au utafiti?

Kila mwalimu wa darasa la nne anamjua mtoto huyu. Umeandika maswali kumi ubaoni, hujamaliza hata kupangusa chaki mikononi, yeye keshaweka kalamu chini. Majibu yote anayo. Kipindi cha dakika 40 kimebakiza 25, na wenzake wengi wako swali la tatu. Muda si mrefu ataanza kumchokoza jirani, au kuchora mezani, au atakaa kimya akitazama nje dirishani. Huyo wa dirishani ndiye anayesahaulika kabisa, maana hasumbui mtu.

Mtaani wanamwita kipanga, ofisini tunasema ana kichwa. Tukishasema hivyo tunadhani tumemaliza kazi. Hapa nimeweka pamoja shughuli ambazo mwalimu au mzazi anaweza kumpa mtoto wa namna hiyo, nikizipambanisha moja na nyingine, na nimebaki na zile zinazowezekana katika shule ya msingi ya kawaida ya Tanzania au Kenya: watoto 60 au 80 chumbani, mwalimu mmoja, na kabati la vitabu ambalo ufunguo wake anao mwalimu wa taaluma.

Vipimo vyangu ni viwili tu. Cha kwanza: je, shughuli hii itamkwamisha? Mtoto mwepesi amezoea vema. Anaweza kufika darasa la saba bila kukutana hata mara moja na jambo lililomkatalia, halafu siku linapomkatalia, kidato cha kwanza au cha pili, anaona ameisha akili. Anahitaji kukwama mapema, mahali ambapo kukwama hakumpunguzii alama. Cha pili: ukimpa kisogo ili ukawasaidie wale wa swali la tatu, inaendelea yenyewe? Shughuli inayodai usimame pembeni ya mtoto mmoja wakati 70 wanakusubiri ni nzuri kwenye semina, darasani haina maisha.

Unamchagulia nani hasa

Wengi wetu tunachukua karatasi ya matokeo, tunahesabu kumi bora, basi. Hapo kuna mtego. Mwaka 1921 mwanasaikolojia wa Marekani, Lewis Terman, alianza kuwafuatilia watoto waliochaguliwa kwa kipimo cha akili, akiamini humo ndimo watakamotoka vigogo wa kesho. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa wadogo, alama zao hazikufika, wakaachwa nje. Shockley akaja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968.

Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut alitoa mwaka 1978 mtazamo ambao mimi naupendelea, kwa sababu unamfaa hata mwalimu asiye na kipimo chochote kabatini. Kwake kipawa kinajitokeza pale mambo matatu yanapokutana: uwezo uliopita wastani, ambao si lazima uwe wa kutisha, ubunifu, na kung'ang'ania kazi. Hilo la tatu huwezi kuliona kwenye karatasi ya mtihani. Utaliona ukishampa mtoto kitu cha kung'ang'ania.

Kwa hiyo usianze kwa kuita majina. Weka fumbo mbele ya darasa zima, siku moja, dakika 15 za mwisho. Kesho yake asubuhi tazama ni nani amerudi nalo bila kuambiwa. Mara nyingine ni yule namba moja. Mara nyingine ni msichana wa namba 23 aliyekaa nyuma, ambaye hati yake mbaya ndiyo inayomshusha.

Njia zinazotumika zaidi, ambazo ningezipunguza

Ya kwanza ni "umemaliza? Fanya na ukurasa unaofuata." Haihitaji maandalizi, na ndiyo maana imeenea. Ila mtoto aliyekwishaelewa kutoa kwa kukopa hapati kitu kwa kutoa kwa kukopa mara 20 zaidi, na ni mwerevu, kwa hiyo haraka sana atagundua kwamba zawadi ya kumaliza mapema ni kuongezewa kazi. Wiki mbili baadaye anamaliza pamoja na wenzake. Mwalimu anafurahi kwamba ametulia.

Ya pili ni kumfanya msaidizi: asahihishe madaftari, awaelekeze waliokwama. Hii ina thamani yake, siikatai. Kumweleza mwenzako kwa nini sehemu mbili zenye asili tofauti hazijumlishwi hivihivi kunakulazimisha uelewe kweli. Lakini kwa vipimo vyangu viwili inafaulu kimoja tu: inaendelea bila mwalimu, ila haimkwamishi. Anayenufaika zaidi ni darasa. Tena wapo vipanga ambao si walimu hata kidogo. Wanachofanya ni kumpa mwenzao jibu na kuondoka. Itumie mara moja moja.

Wazazi nao wana yao: tuisheni ya kumkimbiza mbele, au kuomba arushwe darasa. Kurushwa kunawafaa wachache waliotangulia katika masomo yote na ambao hata kwa umri na umbo hawatamezwa na wakubwa, na uamuzi huo ni wa shule na familia kwa pamoja. Tuisheni ya kumfundisha leo mada za mwaka kesho ni jambo jingine. Mwaka kesho ukifika atakuwa amemaliza zoezi dakika ya kumi tena, na safari hii anachoka zaidi maana hata somo lenyewe keshalisikia.

Fumbo la hesabu au bao?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi ninapoulizwa, kwa sababu zote mbili ni rahisi kuanzisha, zote zinamkwamisha mtoto, na bado zinajenga watu tofauti.

Chukua fumbo moja ninaloliona halina mpinzani kwa darasa la nne na la tano. Andika namba yoyote. Ikiwa ni shufwa, gawa kwa 2. Ikiwa ni witiri, zidisha kwa 3 kisha jumlisha 1. Endelea hivyo hivyo mpaka ufike 1. Ukianza na 7 unapata 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Hatua 16. Sasa mwambie mtoto atafute, kati ya 1 na 30, ni namba ipi inayochukua hatua nyingi kuliko zote.

Ataanza kwa kujiamini. 26 ni hatua 10. 25 ni hatua 23, anaona amepata bingwa. Halafu anaigusa 27, na 27 haishuki. Inapanda, inashuka kidogo, inapanda tena, inapita elfu, inafika 9,232 kabla ya kuanza kurudi chini. Ni hatua 111. Mtoto aliyekosea kuzidisha mara moja hapo katikati anapotea njia na hajui amepotelea wapi, na lazima arudi nyuma mstari kwa mstari. Atafanya kuzidisha na kugawanya mara 111 bila mtu kumwambia ni zoezi la kuzidisha na kugawanya. Kisha mpe habari yenyewe: jambo hili linahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, mwaka 1937, na mpaka leo hakuna mtu duniani aliyethibitisha kwamba kila namba itafika 1. Sijui njia nyingine ya kumwonyesha mtoto wa miaka kumi, kwa kalamu na daftari lake mwenyewe, kwamba hesabu haijaisha.

Wenye macho kuliko hesabu wape michoro ya bila kuinua kalamu. Mraba wenye mistari miwili ya kukata kona kwa kona hauchoreki kwa mkupuo mmoja bila kurudia mstari. Watajaribu mpaka daftari lichafuke. Uongezee paa la pembetatu juu, uwe kama nyumba, ghafla unachoreka, mradi uanzie kona ya chini. Kwa nini? Mwache ahesabu mistari inayokutana kila kona. Kona zenye idadi ya witiri zikizidi mbili, haiwezekani. Ni jibu lile lile alilolipata mwanahisabati Euler mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg. Na kabla hujaenda Ulaya, mwambie kwamba Wachokwe wa Angola, na wenzao wa Kongo na Zambia, wana michoro ya mchangani iitwayo sona: mchoraji anapanga vitone kwa vidole, kisha anapitisha mstari mmoja ukizunguka vitone vyote bila kunyanyua kidole, huku akisimulia hadithi. Uwanja wa shule una mchanga wa kutosha.

Sasa bao. Nazungumzia bao la Kiswahili lenyewe, la safu nne za mashimo manane, kete 64. Mashimo yanachimbika chini ya mwembe na komwe zikikosekana vijiwe vinatosha, kwa hiyo kwa gharama limelingana na fumbo. Kwa ugumu limelizidi. Kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 mkononi. Katika namua, awamu ya kwanza, anaziingiza moja moja, na zikiisha mchezo unahamia mtaji, awamu ya pili, na kubadilika tabia kabisa. Mtoto anayetaka kuamua kama aipasue nyumba yake au aitunze anabeba kichwani picha mbili tatu za ubao ambao bado haupo. Kwa wanaoanza lipo bao la kujifunza, lenye kanuni nyepesi, na ningeanza na hilo.

Hesabu iliyomo ndani yake ni halisi. Safu zako mbili ni mzunguko wa mashimo 16. Ukichukua kete 15 katika shimo la tatu na kuzisambaza kuanzia la nne, ya mwisho inaangukia wapi? Mchezaji mzuri hasogezi mkono kabla ya kujua ni la pili. Huko ni kugawanya na kubaki, tena kwa kasi, tena mbele ya adui.

Tofauti kubwa iko kwenye kushindwa. Fumbo linakukatalia kimyakimya. Unaweza kulifunga ndani ya daftari na kesho ukajifanya hukuligusa. Bao linakufunga hadharani, na aliyekufunga huenda ni yule asiyejua kusoma vizuri lakini amekulia barazani kwa babu yake. Kwa kipanga aliyeanza kuvimba kichwa, hakuna dawa bora. Kwa mtoto mwoga ambaye heshima yote aliyo nayo darasani ni zile alama zake, ningetanguliza fumbo, bao lije baadaye.

Bao lina matatizo yake ya kawaida, na ni afadhali uyajue mapema. Linahitaji wawili, kwa hiyo anayemaliza zoezi peke yake hana wa kucheza naye. Lina kelele na linavuta watazamaji, hivyo dakika 25 za katikati ya kipindi si zake. Mahali pake ni mapumziko ya mchana au kipindi cha michezo. Na wazazi watakuja. Wengi wanaliona bao kama kazi ya wastaafu wanaosubiri adhana ya alasiri, na hawakumpeleka mtoto shule akacheze kete. Dai mtoto aandike: baada ya mchezo, aya moja kueleza hatua moja tu, alicheza nini na kwa nini. Daftari hilo ndilo utakalomwonyesha mzazi, na pia ndilo linalomfanya mtoto arudie mawazo yake badala ya kucheza kwa mazoea ya mkono.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa darasa lenye watoto wengi, nachukua fumbo. Kwa shule yenye kivuli na mwalimu mmoja anayelijua bao, nachukua bao kwa siku za klabu na fumbo kwa siku nyingine zote.

Shairi au utafiti?

Kuna kosa tunalolifanya kila siku: tukisikia mtoto mwenye kipawa, akili inaruka moja kwa moja kwenye hesabu na sayansi. Mwenye kipawa cha lugha anaambiwa "unajua kuongea", wakati mwingine kama tusi.

Mashairi ya arudhi ni shughuli ya kukwamisha iliyokamilika, na iko ndani ya utamaduni wetu muda wote. Mpe mtoto kanuni ya mstari mmoja tu: mizani 16, yaani silabi 16, nane kila upande, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Mtoto anakuja na hiki:

*Mvua ilinyesha sana jana, shamba letu limelowa.*

Anahesabu kwa vidole. Upande wa pili ni nane, safi. Upande wa kwanza ni kumi. Mbili zimezidi. Sasa tazama anachokutana nacho: akiondoa "sana" anabaki na "Mvua ilinyesha jana", mizani nane, kina *na*. Akiondoa "jana" anabaki na "Mvua ilinyesha sana", mizani nane, kina *na* vilevile. Kanuni haimsaidii tena. Lazima aamue mwenyewe kilicho muhimu katika shairi lake ni siku au ni ukali wa mvua. Nimeona watoto wa miaka kumi na moja wakibishana juu ya jambo hilo kwa namna ambayo huioni kwenye zoezi la ufahamu. Na bado hajaandika mshororo wa pili, ambao sasa umefungwa na vina vya wa kwanza: "Ng'ombe wetu wamenona, na ndama amezaliwa." Akifika mishororo minne ana ubeti wa tarbia. Akifika beti tatu na kibwagizo, ana kitu cha kusoma mbele ya shule, na ukiwa Kenya, ana kitu cha kupeleka kwenye tamasha la muziki, ambako ushairi una nafasi yake.

Kwa wadogo wa darasa la pili na la tatu badala ya shairi tumia vitendawili, ila si vya kutegua. Vya kutunga. Kutegua "nyumba yangu haina mlango" ni kukumbuka tu kwamba ni yai. Kutunga kitendawili kipya cha chaja ya simu, kisitaje umeme wala waya, na mwenzako ashindwe lakini akiambiwa jibu aseme "aaa!", hiyo ni kazi.

Utafiti mdogo ni wa mtoto mwingine. Ni wa yule anayeuliza "kwa nini" mpaka unatamani kengele ilie. Hapa Tanzania tuna mfano wetu na kila mwalimu anastahili kuujua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa barafu ya maziwa uliowekwa kwenye friji ukiwa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Baadaye akamuuliza tena Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, na Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jambo hilo leo linaitwa athari ya Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu chanzo chake na hata kama lipo kwa uhakika. Yeye alikuwa sekondari, lakini swali lile lingeweza kuulizwa na mtoto yeyote wa darasa la tano anayeuza barafu za mfuko na mama yake.

Kwa shule ya msingi utafiti ninaoupendekeza kabla ya mwingine wowote ni wa kivuli. Chomeka fimbo ya mita moja wima uwanjani. Kuanzia saa sita hadi saa saba mchana, kila dakika tano, mtoto anaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli na kupima urefu. Anatarajia kivuli kifupi kuliko vyote kiwe saa sita kamili, maana ndivyo alivyoambiwa. Dar es Salaam haiko hivyo. Kwa wastani kinapatikana kama saa sita na dakika 20 hivi, mwezi Februari kinachelewa hadi saa sita na nusu na ushei, mwezi Novemba kinawahi hadi dakika chache baada ya saa sita. Nairobi, iliyo magharibi zaidi na inayotumia saa ile ile, kinachelewa zaidi. Mtoto atadhani amekosea kupima. Mwache adhani hivyo siku mbili tatu, atapima tena.

Akiendelea mwaka mzima, mara moja kwa mwezi, atapata makubwa zaidi. Mwezi Juni, Dar es Salaam, kivuli hicho kifupi kina sentimita kama 58 na kinaelekea kusini. Mwezi Desemba kina kama 30 na kinaelekea kaskazini. Kati yake kuna siku mbili, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, ambapo fimbo inakaribia kukosa kivuli kabisa. Mtoto wa Ulaya hawezi kuyaona haya kwao hata siku moja. Sisi tunayo uwanjani, bure, na vitabu vingi vinaendelea kutuambia tu kwamba jua huchomoza mashariki.

Ukiweka shairi na utafiti bega kwa bega: shairi linaanza leo na kumalizika Ijumaa, linakaa kwenye daftari, halihitaji ruhusa ya kutoka nje. Utafiti unahitaji mtoto atoke nje ya darasa kwa saa nzima, na hapo utakutana na mwalimu wa zamu. Unahitaji pia kitu ambacho vipanga wengi hawana, yaani subira ya kurudi kwenye kazi ile ile mwezi ujao. Ndiyo maana utafiti nisingempa mtoto peke yake. Wape watatu, mmoja wao awe yule asiyeng'aa kwenye mitihani lakini hasahau siku yake ya zamu. Kwa upande mwingine, shairi likimkuta mtoto asiye na sikio la lugha linakuwa adhabu, wakati kivuli hakimkatai mtu.

Kompyuta na vitabu

Kama shule ina kompyuta zinazowaka, Scratch inastahili nafasi. Ni programu ya bure iliyotoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, mtoto anaunganisha vipande vya amri kutengeneza mchezo au katuni, inafanya kazi hata bila intaneti ikishawekwa, na inatumika kwa Kiswahili. Inamkwamisha vizuri: katuni haisogei, na kosa ni lake. Lakini kompyuta tatu kwa watoto 70 maana yake ni foleni, na umeme ukikatika kipindi kimekwisha. Shule isiyo nazo isijione imepungukiwa. Fumbo la 27 linafundisha fikra za namna hiyo hiyo, hatua baada ya hatua, kosa moja linaharibu yote.

Kona ya vitabu sijaiweka kwenye ushindani kwa sababu inatakiwa iwepo tu, kwa wote. Kumwambia kipanga "kachukue kitabu usome" kila anapomaliza ni njia ya heshima ya kumwondoa machoni. Ikiwa ndiyo pekee uliyonayo, basi aulizwe amesoma nini.

Basi uchague ipi

Mtoto mwepesi anayependa kukaa peke yake: fumbo, na umwachie hata wiki nzima bila kumpa dokezo. Mwepesi mwenye majivuno: bao, haraka. Msemaji, mchekeshaji, yule unayemwambia anyamaze mara kumi kwa siku: shairi, na umpe siku ya kulisoma mbele ya wote. Muulizaji: kivuli. Aliyeshuka alama ghafla baada ya kuwa juu miaka miwili, usikimbilie shughuli yoyote kabla hujajua nyumbani kuna nini.

Kwa mzazi asiye mwalimu, anza na fumbo la 27 jioni, na ufanye naye bila kujua jibu. Usimwambie kama umeshakwama, ataona mwenyewe.

Usianzishe mbili kwa mpigo. Moja kwa muhula inatosha. Mwanzoni itolewe kwa darasa zima, wanaorudi nayo waendelee, mlango ubaki wazi kwa anayetaka kuingia wiki ya tano. Na isitiwe alama. Ukishaweka alama, kipanga atafanya anachokifanya siku zote, yaani atatafuta njia fupi ya kupata vema, na yule msichana wa namba 23 atarudi nyuma ya darasa.

Kuhusu madaftari, yawekwe pamoja na ya masomo, yasifichwe. Wathibiti ubora wakija na kuuliza hii ni mada gani, majibu yapo: 27 iko kwenye kuzidisha na kugawanya, michoro iko kwenye maumbo, kivuli kiko kwenye vipimo na kwenye sayansi, shairi liko kwenye Kiswahili. Bao ndilo litakalohitaji maelezo marefu kidogo, kwa hiyo lile daftari la aya moja kila mchezo liwe juu ya rundo.